Mkopo wa nyumba kwa askari aliyeko kazini Marekani

Dada, umeuliza kama mwanao aliyeko jeshini Marekani anaweza kununua nyumba bila malipo ya awali. Anaweza, mradi awe amemaliza siku 90 mfululizo za utumishi kamili na benki iridhike na kipato na historia yake ya madeni. Serikali kwa kawaida haimkopeshi yenyewe. Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani humdhamini kwa benki, utaratibu ulioanzia kwenye sheria ya mwaka 1944.

Tafadhali mwambie asome kwa makini kipengele cha ada ya udhamini, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi hushtuka: anayenunua kwa mara ya kwanza bila kutanguliza chochote hutozwa asilimia 2.15, yaani dola 6,450 kwa mkopo wa dola 300,000, na ikiunganishwa na mkopo huzaa riba miaka yote. Akitanguliza asilimia 5, ada hushuka hadi asilimia 1.5.

Nyumba lazima iwe ya kuishi, si ya kupangisha tu; akipelekwa mbali kikazi, mkewe akihamia humo inatosha. Aanze kwa kuomba cheti cha kustahiki, yaani hati ya kuionyesha benki kwamba anastahili udhamini huo.