Re: Kuna Mlatino yeyote kwenye hoki ya barafu?
Mkuu umeuliza kama kuna mstaafu wa hoki anayewapelekea Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) huu mchezo, yupo bana, anaitwa Al Montoya. Huyo alikuwa golikipa, kazaliwa 1985 pande za Chicago, mama yake familia ilikimbia Cuba, na ndo Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Cuba kucheza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Mechi yake ya kwanza kuanza, 2009 akiwa na timu ya Phoenix, hakufungwa hata goli moja!

Alipotundika magongo akachukuliwa na Dallas Stars, timu ya NHL ya Texas, kwenye mambo ya jamii, na Texas unaijua, watu wenye asili ya Mexico kibao, joto la kufa mtu, barafu yenyewe ni ya ndani ya ukumbi tu. Afu anaongea Kihispania, kwa hiyo mzazi anamuelewa bila mkalimani.

Kikwazo chenyewe mi naona ni hela, maana viatu vya barafu, helmeti, magongo, na dogo anakua kila mwaka unanunua upya, golikipa ndo usiseme. Ndo maana wengi wanaanzia hoki ya kwenye lami, gongo na kampira, viatu vya kawaida.

Mcheki pia Scott Gomez, mchezaji mwingine wa NHL aliyestaafu, baba ana asili ya Mexico mama Kolombia, kakulia Alaska, kabeba Stanley Cup (kombe la ubingwa wa NHL) mbili, 2000 na 2003.