Kuanzisha kikundi cha teknolojia Mbeya: grupu la WhatsApp kwanza au ukumbi kwanza?

Mkuu, umeuliza hivi: wewe na wenzako wachache mliomaliza chuo mnataka kuanzisha kikundi cha watu wa teknolojia hapa Mbeya mjini, sasa mfungue grupu la WhatsApp kwanza au mtafute ukumbi na mdhamini? Mimi niko kwenye kikundi cha namna hiyo pande za Soweto kwa miaka kadhaa sasa, najibu kwa niliyoyaona. Vyote viwili vinaweza kusubiri. Tafuteni kwanza kazi moja ambayo mtu anaifanya akiwa popote, kila mtu anaiona, na haombi ruhusa ya admini yeyote.

Kwetu kazi hiyo ilikuwa ramani. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyo mtandaoni, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na inakwenda kama Wikipedia: ukijisajili, unahariri. Dar walishatutangulia. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora kata zinazokumbwa na mafuriko, na 2018 mkutano wa kimataifa wa FOSS4G, wa watu wa programu huria za ramani, ukafanyika Dar. Huku kwetu, ukiiacha barabara kuu na kupanda Isanga, tulikuta vichochoro vingi havijachorwa.

Kazi hii haibagui mtu. Mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, anafungua JOSM, programu ya kuhariri ramani hiyo, kwenye kompyuta, anachora nyumba kwa kufuata picha za setilaiti. Dereva bajaji ambaye hajawahi kushika kompyuta anafungua app ya StreetComplete kwenye simu yake ya Android, nayo inamuuliza vitu vifupi: hapa pana lami au vumbi? Duka hili bado lipo? Anajibu huku akisubiri abiria. Na huyu dereva ndiye anayemsahihisha mwanafunzi, kwa sababu anajua njia ipi haipitiki mvua za Machi zikikolea. Sijaona mada ya ukumbini iliyowafanya watu wa aina mbili hizo waheshimiane hivyo.

Kama ramani si fani yenu, andikeni makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, au tengenezeni programu. Kwa programu tumieni Git, chombo cha kutunza kila badiliko la kodi. Sisi wa bando la kuungaunga inatufaa, maana unahifadhi mabadiliko kwenye mashine yako bila intaneti, unayapandisha siku ukipata mtandao.

Sasa siku ya kukutana. Vikundi vingi nilivyoona vikifa vilianzia kuugua hapa. Kila mtu anataja Jumamosi. Jumamosi Wasabato hawaji, na mafundi simu wa Mwanjelwa hawawezi kuacha meza siku ya hela. Bila mafundi mtabaki kusomeana slaidi tu. Sisi tuliishia Jumapili saa tisa alasiri, ibada zimeisha, watu wamekula, na tunafunga kabla ya saa kumi na mbili ili wa Uyole na Iwambi wasihangaike na usafiri. Jumapili ileile ya kila mwezi, mahali palepale. Hatuihamishi kwa sababu ya mvua wala baridi ya Julai, hata wakija watu wa kuhesabika kwenye vidole. Mtu aliyepotea miezi minne akijua akija atatukuta, atarudi. Halafu msijaze wanafunzi peke yao: chuo kikifunga wanarudi makwao, kikundi kinalala.

Mtaulizwa mapema tu, "kuna posho?" Semina za miradi zimetuzoesha hivyo, msimchukie anayeuliza. Jibuni mara moja kwamba hakuna posho, hakuna fulana, kuna chai na viazi vya kuchanga. Kuna mdhamini mmoja alitujia na bango refu kuliko ukuta wetu, akataka orodha ya namba za simu za waliohudhuria. Tulimpa chai.

WhatsApp fungueni, siikatai, ila iwe ya kukumbushana siku. Elimu ikibaki humo inazama. Fundi anaeleza kwa sauti, dakika tatu nzima, namna ya kuokoa simu iliyokwama wakati wa kuflashi, yaani kuiwekea programu yake upya. Wiki mbili baadaye mgeni anaingia, hayaoni ya nyuma, anauliza lilelile, fundi anachoka kurudia. Sisi tuna utaratibu: swali likijibiwa mara ya pili kwenye grupu, aliyeuliza ndiye anayeliandika jibu kwenye ukurasa wetu ulio wazi, kwa Kiswahili, pamoja na picha kama zipo. Google inausoma ukurasa huo, lakini haiwezi kulisoma grupu. Tunatumia GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, kwa sababu hailipiwi. Discourse ni programu huria na nzuri kwa majadiliano, lakini mkiiendesha wenyewe inataka seva ya kulipia kila mwezi, na mwanzoni mtagombana nani alipe. Nywila zishikwe na watu wawili au watatu. Admini mmoja akipata kazi Dodoma na kubadili laini, mtaanza upya.

Mwenyekiti wa mtaa mpeni taarifa kwamba mnakutana.

Kuhusu kuungana na wenzetu wa Iringa, uliyoyauliza mwishoni: ni zaidi ya kilomita 300, msipange kukutana nao kila mwezi. Sisi tunaonana nao kwa nadra sana. Kazi ndiyo inayotuunganisha: wao wanachora Kihesa na Ipogolo, sisi tunakagua mabadiliko yao na kuwaachia maoni palepale chini ya hariri, nao wanatukagulia ya kwetu. Wakali kweli kwenye majina ya mitaa.