Usiunge geji mpya kwenye sensa ya joto ya gari

Ndugu yangu, umeuliza kama geji ya joto uliyonunua dukani inaweza kuunganishwa kwenye waya wa sensa ya joto la maji iliyokuja na gari. Nakushauri waya huo usiuguse. Ukinzani wa sensa hiyo, yaani kiasi inachozuia umeme kupita, hupungua kadiri maji yanavyopata moto, na kompyuta ya injini huipa volti 5 kupitia kikinza kilichomo ndani ya kompyuta, kisha husoma volti zilizopo kwenye sensa. Geji ikiongeza umeme wake hapo, volti hupanda, kompyuta ikadhani injini bado ni ya baridi na kuongeza mafuta, nawe ukabaki kulaumu plagi zisizo na kosa.

Tumia sensa iliyokuja na geji. Mara nyingi hufungwa kwenye kipande cha bomba la alumini kinachopachikwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta, na hapa ndipo wengi hukwama: sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia mwili wake, lakini kipande hicho kimeshikwa na mpira pande zote mbili, hivyo ni lazima ukifungie waya wa ethi unaokwenda kwenye chuma cha injini. Pima kwa multimeta kati ya mwili wa sensa na hasi ya betri. Ukinzani uwe karibu na sifuri.

Umeme wa geji uchukue kwenye laini inayofunguliwa na swichi ya ufunguo, kupitia fyuzi yake ndogo, na nyaya zipite mbali na ekzosi.