Jibu: Mbwa anayemaliza chakula kwa dakika moja

Ndugu, umesema mbwa wako anafagia bakuli kwa dakika moja kisha anageukia viatu. Huenda si njaa hiyo, ni kukosa cha kufanya. Liweke bakuli kando. Punje za chakula chake kikavu zitawanye kwenye nyasi azisake kwa pua. Kunusa kunamchosha akili kuliko unavyodhani. Ndani ya nyumba, zifungie kwenye taulo kuukuu. Mara ya kwanza likunje kilegelege tu, maana akishindwa mapema atasusa, au atalirarua (wangu alilirarua). Kaa naye karibu asije akameza vipande vya kitambaa. Na punje hizo zitoke kwenye mgao wake wa siku, zisiwe nyongeza. Kama unao wawili, watenge, la sivyo utageuka mwamuzi wa ugomvi.