Kwa mwalimu anayepangiwa shule ya kijijini, pwani ya Tanga

Ukiripoti shule ya kijijini upande wa Pangani au Mkinga, kazi ya kwanza ni kujua nani darasani mwako hajui kusoma. Daftari lisikudanganye: mtoto wa darasa la tatu anaweza kunakili ubao mzima kwa mwandiko safi asijue neno hata moja aliloandika. Wakisoma kwa pamoja, wanaojua huwafunika wasiojua.

Mwite mmoja mmoja mezani, wenzake wakiwa na zoezi. Kwenye kipande cha boksi andika herufi 10, silabi 10, maneno 5 na sentensi 2 ambazo hazimo kitabuni. Silabi zipange kwa kurukaruka, maana ba-be-bi-bo-bu wanaiimba tu. Ukipima watoto 8 kwa siku, darasa la watoto 80 linaisha kwa wiki 2 za masomo. Andika kila mmoja amekwama wapi. Wengi hukwama kwenye mba, ndwa, nywe, ng'o. Anayesoma "baba" akashindwa "mbwa" si mzito wa akili, hajafundishwa kuunganisha sauti tu. Asiyejua herufi aanze na herufi, hata akiwa darasa la tano, ila mweke pembeni na wa rika lake. Ukimchanganya na wadogo ataona haya, na kesho hatakuja.

Kundi la waliokwama mahali pamoja lisizidi watoto 10, ulifundishe dakika 20 kila asubuhi kabla ya vipindi. Usilipange alasiri. Saa hizo watoto wengi wako chuoni, yaani madrasa, na ukishindana na chuo utampoteza mtoto na mzazi pamoja. Nenda kwa ustadhi mapema, mwelewane kuhusu saa.

Utoro wa pwani una kalenda yake. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hupwa sana katikati ya asubuhi, saa zile zile za vipindi. Hapo ndipo watu wanaposhuka kwenye mwani, pweza na chaza, na mama huhitaji mikono ya wanawe. Fungua daftari la mahudhurio la mwaka uliopita, ulilinganishe na tarehe za mwezi. Siku hizo fanya marudio, usianze mada mpya. Aliyekosa somo la kwanza la sehemu za hesabu, kama nusu na robo, hataelewa la nne, na ukimchapa hutakuwa umemfundisha sehemu. Ukipangiwa Muheza, angalia msimu wa machungwa badala ya bamvua.

Mzazi mfuate kwake. Barua inaweza kumkuta hasomi. Piga hodi, ngoja ukaribishwe, wakubwa waamkie shikamoo, kisha sema jambo moja bayana: "Mwanao anajumlisha vizuri, kutoa kwa kukopa bado." "Hana bidii" haimwelezi mzazi afanye nini.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare na madaftari ni juu ya mzazi. Mzazi wa mtoto wa darasa la saba mkumbushe mapema, wakati mavuno au mauzo ya mwani yapo mkononi. Na kwa kuwa sekondari masomo mengi ni kwa Kiingereza, wape darasa la sita na la saba maneno 5 kwa siku ya hisabati na sayansi, kila neno ndani ya sentensi waliyoitunga wenyewe. Ijumaa wapime kwa mdomo, mmoja mmoja.