Usifute xmlns: kwa mnaoanza kazi na XML

Juzi nilisimama nyuma ya kijana mmoja wa timu yetu. Alikuwa amefungua faili la XML (data iliyoandikwa kwa maandishi na kupangwa ndani ya tagi) kama maandishi ya kawaida, akatafuta `xmlns="..."` yote (tamko la nafasi ya majina, yaani linalosema tagi ni za kundi gani la majina), akaifuta, kisha akalipeleka kwa kichanganuzi, programu inayosoma XML. Likasomeka. Akageuka kuniangalia kwa furaha, na mimi tumbo likanikata, kwa sababu mstari ule ule niliwahi kuuandika kwa mkono wangu na najua ulinifikisha wapi. Hii ni mara ya tatu mwaka huu naona jambo lile lile. Basi wadogo zangu, nayaweka yote hapa, myasome kabla hamjagusa faili la mtu.

1. XML si HTML iliyobadilishwa jina. Kivinjari kikikuta HTML mbovu huokotaokota, kikabahatisha, kikaonyesha ukurasa. Kichanganuzi cha XML hakina ruhusa hiyo: tangu XML 1.0 ilipopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998, kosa la muundo maana yake ni kusimama. `<Jina>` haifungwi na `</jina>`. Thamani ya atributi (sifa inayoandikwa ndani ya tagi ya kufungua) hukaa ndani ya alama za nukuu, hata ikiwa ni tarakimu moja. Mzizi, yaani tagi ya nje inayobeba zote, ni mmoja. Na mnaponijia na "kosa mstari wa 4012", angalieni juu yake kwanza. Tagi mliyosahau kuifunga huenda iko mstari wa 3900, ila kichanganuzi kimekuja kugundua pale kilipokuta tagi ya kufunga isiyolingana na ile iliyo wazi. Msikichukie kwa ukali wake. Kelele zake ndizo zitakazowaokoa, na mkifika namba 3 mtaona kimya kinavyoua.

2. Msiunge XML kwa kubandika vipande vya maandishi. Tumieni maktaba ya programu (msimbo uliokwisha tayarishwa) iandike. Siku atakapojisajili mteja anayeitwa "Baba & Wanawe", ile `&` itavunja faili zima, na mtakuwa mmelala. Alama zenye mbadala uliotengwa tayari ni tano tu: `&amp;`, `&lt;`, `&gt;`, `&quot;` na `&apos;`. Maktaba ikishazibadilisha, msizibadilishe tena kwa mkono, mtaishia na `&amp;amp;` kwenye faili la risiti ya mteja.

3. Nafasi za majina. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilikuwa na takriban mwaka mmoja kazini. Kila usiku faili moja la ankara liliingia kutoka kwa muuzaji wetu mkubwa, programu yangu ikalisoma, ikatafuta `//ankara` (yaani kila ankara popote ilipo), ikaziingiza moja moja kwenye hifadhidata. Ilikuwa ikienda vizuri kwa miezi. Kisha muuzaji akaboresha mfumo wake, na mzizi wa faili, uliokuwa `<kundi>`, ukawa `<kundi xmlns="urn:mauzo:v2">`. Hakuna kingine kilichobadilika machoni. Tagi zilikuwa zile zile, mpangilio ule ule.

Lakini kwa XPath 1.0, lugha ya kutafutia tagi ndani ya XML, ambayo maktaba nyingi bado zinaitumia, `//ankara` isiyo na kiambishi maana yake ni "ankara isiyo na nafasi ya majina yoyote". Ankara za usiku ule zote zilikuwa ndani ya `urn:mauzo:v2`, kwa sababu xmlns ya mzizi hurithiwa na watoto wote walio chini yake. Kwa hiyo XPath ikarudisha orodha tupu. Orodha tupu si kosa. Kitanzi kikazunguka mara sifuri, na kumbukumbu ya kazi ikaandika: "Ankara zilizoingizwa: 0. Kazi imekamilika." Rangi ya kijani. Ikawa hivyo usiku wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa.

Aliyegundua ni mama mmoja mhasibu. Alikuja mezani kwangu taratibu, akaniuliza kama muuzaji yule ameacha kutuuzia, maana hajaona ankara yake kwa zaidi ya wiki. Nikafungua faili. Ankara zimejaa. Nikaendesha programu: sifuri. Siku nzima nikalaumu usimbaji wa herufi, nikalaumu nafasi tupu kati ya tagi, nikalaumu maktaba. Jioni nikajaribu kuifuta ile xmlns. Ankara zikamwagika zote. Nikaandika mstari wa kuifuta kila mahali inapotokea, kabla ya kusoma faili, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa.

Kumbe toleo la pili lilikuwa limeleta jambo jingine. Baadhi ya ankara zilikuwa na mchanganuo wa kodi, hivi:

`<ankara><kodi xmlns="urn:kodi:v1"><jumla>18000</jumla></kodi><jumla>118000</jumla></ankara>`

Tazameni vizuri. Kuna `jumla` mbili, na aliyeandika faili hakukosea: moja ni ya nafasi ya kodi, nyingine ni ya nafasi ya mauzo. Kwa kichanganuzi hayo ni majina mawili tofauti kabisa, kama watu wawili wanaoitwa Asha wa koo mbili. Mimi nilifuta koo. Programu yangu ilitafuta `.//jumla`, ikachukua ya kwanza, na ya kwanza ilikuwa ya kodi. Ankara ya 118,000 ikaingia kama 18,000, na malipo yakatoka hivyo. Muuzaji akapiga simu akiwa amekasirika, na alikuwa na haki. Yule mama mhasibu akakaa siku mbili akilinganisha ankara moja moja na karatasi, bila kunisema neno hata moja. Afadhali angenifokea. Nilikaa naye siku ya pili, namsomea namba, yeye anatia alama kwa kalamu nyekundu, na kila alama ilikuwa yangu.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache. Unaiambia maktaba kwamba kiambishi `m` kinasimama badala ya `urn:mauzo:v2`, kisha unaandika `//m:ankara`, na ndani yake `m:jumla` aliye mtoto wa moja kwa moja, bila `.//` ya kuzoa kila kitu. Kiambishi unakichagua mwenyewe, si lazima kifanane na cha kwenye faili. Kinacholinganishwa ni ile anwani ndefu, herufi kwa herufi. Na hata ikianza na `http`, hiyo ni jina tu, kichanganuzi hakiendi kuifungua. Halafu weka sharti: zikipatikana ankara sifuri kwenye faili lisilo tupu, programu isimame na kupiga kelele.

4. `<?xml` ikiwepo iwe herufi za kwanza kabisa za faili, bila hata mstari mmoja mtupu juu yake.

5. Tamko hilo likisema UTF-8 (namna ya kusimba herufi), faili nalo lihifadhiwe kwa UTF-8 kweli.

6. Atributi au elementi (tagi pamoja na kilichomo ndani yake)? Kinachoweza kujirudia au kuwa na sehemu ndani yake kiwe elementi. Mengine mnaweza kubishana baada ya kazi.

7. Faili likiwa la gigabaiti kadhaa, msilipakie lote kwenye kumbukumbu kwa DOM (njia ya kulishikilia faili zima kama mti). Lisomeni kwa mkondo, elementi moja baada ya nyingine, na mkimaliza nayo muiachie.

8. Zimeni entiti za nje (vifupisho vinavyovuta maudhui kutoka nje ya faili) na DTD (kanuni za faili, ambamo entiti hutangazwa) kwenye faili lolote linalotoka kwa mtu msiyemjua. Entiti ya nje inaweza kuielekeza seva yenu isome faili lake la ndani na kumpelekea mgeni. Na kuna faili maarufu lisilofika hata kilobaiti moja, lenye entiti inayoita nyingine mara kumi, nayo inaita nyingine mara kumi, hivyo hivyo hadi neno moja dogo linakuwa nakala bilioni moja na kula takriban gigabaiti 3 za kumbukumbu. Hili si la kuahirisha.

9. Ombeni skima, yaani maelezo ya kanuni za faili. Faili kuwa na muundo sahihi hakumaanishi kwamba ni halali: tagi zaweza kufungwa vizuri zote na tarehe ikawa imeandikwa "kesho". XSD, lugha ya kuandikia skima, ndiyo inayosema tarehe iwe tarehe. Muuzaji wetu alikuwa ametuma skima ya toleo la pili wiki mbili kabla ya kubadilisha, na zile `jumla` mbili zilikuwemo humo waziwazi. Ilikuwa kwenye kisanduku changu cha barua pepe. Sikuifungua.

Lile faili la usiku wa kwanza bado ninalo, pamoja na lile lenye `jumla` mbili. Yamo kwenye folda ya majaribio, na kila programu inayogusa ankara huyasoma kabla haijatoka. Yule kijana wa juzi nimemwonyesha yalipo. Nanyi yatumieni.