Mchana nashinda njaa, usiku nafakamia kiporo: nifanyeje kabla ya harusi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Dar es Salaam kwa dada yangu na shemeji, na nimechumbiwa. Harusi ni baada ya miezi minne. Mwaka jana nilianza kupunguza mwili baada ya wifi mmoja kuniambia mbele ya watu kwamba shela litanikataa. Niliacha wali, nikaacha chapati, mwisho nikaacha kula mchana kutwa, na nikiulizwa nasema nalipa saumu za Ramadhani. Nilipungua kweli, kila mtu akanisifu. Sasa kilo zinarudi na sielewi zinatoka wapi, maana mchana sigusi kitu isipokuwa chai ya rangi na sanamaki. Usiku wenzangu wakishalala nakwenda jikoni, taa siwashi, nasimama mbele ya jokofu nafakamia kiporo kwa mkono, wali wa baridi, mkate, chochote, mpaka tumbo liniume, kisha najitapisha. Hedhi imekata, nywele zinabaki kwenye kitana, na nikipanda ngazi za ofisini moyo unakwenda mbio. Wiki iliyopita dada alimgombeza binti wa kazi kwa sababu ya wali uliopungua, nami nilikuwepo, nikanyamaza. Mama ana presha na kisukari, kwa hiyo kupungua nakutaka hata baada ya harusi. Nipe dayati itakayonizuia kula usiku. Rafiki niliyemgusia jambo hili alisema hayo ni maradhi ya Wazungu, mimi ni mroho tu.

Mwenye Siri, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Kwanza niwaeleze wasomaji wengine kwamba barua hii nimeifupisha, na kilo zote ulizozitaja pamoja na kiasi cha sanamaki unachokunywa nimeviondoa makusudi, kwa sababu wapo wanaosoma barua za namna hii wakitafuta namba ya kushindana nayo.

Umeniomba dayati ya kukuzuia kula usiku. Sitakupa, kwa kuwa dayati ndiyo inayokupeleka jikoni. Mtu aliyeshinda tangu alfajiri bila chakula, akafanya kazi, akasimama kwenye daladala, akarudi nyumbani na kusema ameshiba, ifikapo saa tano ya usiku mwili wake haumwombi tena chakula, unamsukuma kukiendea. Hapo hachagui wala hatafuni sawasawa, na ndiyo maana wewe unayeukataa wali wa moto mezani unaula wa baridi gizani. Hata hizo kilo ambazo huelewi zinatoka wapi zinatoka hapo hapo, kwa sababu kujitapisha hakutoi chakula chote kilichoingia, na sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachokutoka ni maji na madini, na mizani ikishuka asubuhi imeshuka kwa maji.

Jambo hili lilipimwa zamani, tena kwa wanaume. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya njema waliojitolea, akawalisha kwa takribani miezi sita kiasi kinachokaribia nusu tu ya chakula walichokizoea. Vijana hao ambao hawakuwa na habari ya shela wala wifi walianza kuota chakula, wakalamba sahani, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi ambavyo hawakuwahi kuvijali. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula mpaka wakaugua na bado wakasema wana njaa. Ukiusoma mfano huo, utaona kwamba neno uroho haliwafai, na kama haliwafai wao halikufai wewe.

Rafiki yako amekosea pia kuhusu Wazungu. Ugonjwa wa kufakamia chakula kisha kujitapisha au kujiharisha huitwa bulimia, na kweli daktari aliyeueleza kwa mara ya kwanza kwa jina hilo, Gerald Russell, aliuandikia London mwaka 1979. Lakini huko Fiji, ambako mwili mnene ulikuwa ukisifiwa kama ulivyosifiwa kwetu na bibi zetu, televisheni ilifika katika eneo la Nadroga mwaka 1995, na ilipofika 1998 zaidi ya msichana mmoja kati ya kila kumi waliohojiwa shuleni alisema hujitapisha ili apungue, ilhali mwaka ule wa kwanza hakuna aliyesema hivyo. Sisi tulikuwa watu wa kumwambia mtu aliyepungua, “Umekonda, una nini?” Leo tunamwambia, “Umependeza, umefanyaje?” na hatungoji jibu. Mimi si daktari, kwa hiyo sitasema kwamba una bulimia. Ninasema dalili ulizoniandikia zinatosha kukupeleka kwa daktari wiki hii.

Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya chakula na kabla ya harusi. Kutapika na kuharisha kwa kujilazimisha hupunguza madini ya potasiamu katika damu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Moyo unaokwenda mbio kwenye ngazi unaweza kuwa na sababu nyepesi, kama upungufu wa damu, lakini hakuna anayeweza kujua bila kipimo. Nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, iwe Temeke, Amana au Mwananyamala, na ukishaingia chumba cha daktari usiseme “nasikia kizunguzungu tu”. Sema: “Nakaa mchana kutwa bila kula, usiku nakula kupita kiasi kisha najitapisha, na natumia sanamaki ili nipungue.” Iandike kwenye karatasi umpe aisome ikiwa ulimi utakuwa mzito. Omba apime potasiamu na madini mengine, wingi wa damu, sukari, na umeme wa moyo. Omba pia kipimo cha mimba. Sikuulizi lolote, ila hedhi inapokata hicho ndicho kipimo cha kwanza, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango ujue kwamba kutapika huvipunguzia nguvu. Ukizimia, ukitapika damu, ukipata maumivu ya kifua, au moyo ukianza kuruka mapigo, usingoje siku ya kliniki, nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo.

Huenda daktari akakutazama akasema mbona hujakonda. Watu wengi wenye tatizo hili wana uzito wa kawaida au zaidi, na ndiyo sababu hupita miaka bila kugunduliwa, kwa hiyo usikubali kurudishwa nyumbani na panadol. Ukishapimwa mwili, omba rufaa ya kuonana na mtaalamu wa saikolojia au daktari wa magonjwa ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili wanayo idara hiyo. Tiba inayotumika zaidi kwa tatizo hili ni ya mazungumzo, ambayo hukufundisha kuyashughulikia mawazo na mazoea yanayokurudisha jikoni, na wengine hupewa dawa pamoja nayo.

Tiba hiyo huanza na jambo ambalo utaliogopa kuliko vipimo vyote: kula asubuhi. Hata kama jana usiku ulifakamia, na hasa kama ulifakamia, unakula asubuhi. Uji wa ulezi na yai, au chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha. Saa nne unakula kitu kidogo, ndizi au karanga kiganjani. Saa saba unakula chakula cha mchana kama watu wengine, wali na maharage au ugali na samaki na mchicha, katika sahani, ukiwa umekaa. Saa kumi na moja, kabla hujasimama kituoni ukipitiwa na harufu ya chipsi, unakula tunda au mtindi. Saa mbili za usiku unakula na dada na shemeji. Usikae zaidi ya saa nne bila kula, na usikifanye chakula chochote kuwa haramu, kwa sababu chapati uliyojikataza mchana ndiyo utakayoiwaza usiku kucha. Siku za mwanzo utahisi tumbo limejaa upesi, na ukiacha sanamaki unaweza kufunga choo kwa muda au miguu ikavimba kidogo, kwa kuwa mwili unashikilia maji uliyokuwa ukiyapoteza. Mizani itapanda na utapata hofu. Nakueleza mapema usije ukadhani umenenepa kwa siku tatu. Mwambie daktari umeitumia sanamaki kwa muda gani ili akuelekeze jinsi ya kuiacha. Mizani yenyewe mpe dada aifiche, nawe ujipime mara moja kwa wiki tu.

Hamu ya kujitapisha ikikujia baada ya kula, usikae peke yako wala karibu na choo. Kaa sebuleni na watu, piga simu, osha vyombo. Hamu hiyo hupanda kwa nguvu kisha hushuka yenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja. Ikikushinda siku moja, sukutua kwa maji na usipige mswaki papo hapo, ungoje kama nusu saa, kwa sababu tindikali ya tumboni hulainisha meno na mswaki huyakwangua. Kesho yake unakula uji wako kama kawaida. Usifidie kwa njaa.

Kuhusu saumu, nitasema kidogo kwa kuwa mimi si mwanachuoni. Qurani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 185, inamruhusu mgonjwa kufungua na kuhesabu siku nyingine. Kama bado una siku unazodaiwa, mweleze daktari, kisha mwulize sheikh unayemwamini, ukimwambia ukweli wote. Ila saumu ya kuwafumba watu macho iache leo.

Sasa nije kwa mama yako. Sitakuambia kwamba uzito hauna neno, kwa sababu katika familia yenye presha na kisukari una neno. Lakini kinachowafaa watu wa familia kama yenu si mwili wa kuingia katika gauni fulani. Kwa mtu mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake wote huanza kushusha presha na sukari, na mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, wakati mwingine pungufu ya hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha. Kupunguza soda na juisi za sukari, kupunguza mafuta ya kukaangia, kujaza mboga nusu ya sahani, na kulala vya kutosha ni mambo yanayowezekana kwa mtu anayekula milo yake yote. Wewe bado hujafika hapo. Kwanza upite miezi kadhaa bila kufakamia na bila kujitapisha, hedhi irudi, ndipo wewe na daktari wako mzungumze habari ya kupungua. Ukianza sasa, hata kwa dayati nzuri, utarudi jikoni usiku.

Uliponisimulia habari ya binti wa kazi uliandika sentensi moja ukapita, mimi nimebaki nayo. Mtoto wa watu amegombezwa kwa wali ulioula wewe, na katika nyumba nyingi za mji huu mfanyakazi hufukuzwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Unahitaji mtu wa kukusindikiza hospitali, wa kukaa nawe baada ya chakula cha usiku, na mtu huyo ni dada yako. Basi anza naye hapo. Mwambie, “Dada, ule wali niliula mimi, na si mara ya kwanza, ninaumwa na ninataka unisindikize hospitali.” Atashtuka, huenda akakasirika kwa siku mbili, lakini atakuwa amejua mambo yote mawili kwa mkupuo mmoja. Kisha mwite binti mwenyewe umwombe radhi mbele ya dada, ukitaja kosa kwa jina lake. Mchumba wako unaweza kumwambia baadaye kidogo, ukishaonana na daktari, ila aambiwe kabla ya ndoa.

Mawifi hawahitaji kujua maradhi yako. Wakiuliza umefikia kilo ngapi, jibu, “Wifi, habari za mwili wangu nimemwachia daktari,” ubadilishe mazungumzo. Na kama yule wa kwanza ataendelea, mwombe mchumba wako aseme na dada yake, kwa kuwa kazi hiyo ni yake. Shela lishonwe kwa mwili utakaokuwa nao siku hiyo. Mwambie fundi aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni, au afunge mgongo kwa kamba badala ya zipu ili gauni liweze kulegezwa na kukazwa, na kipimo cha mwisho akichukue wiki mbili kabla ya harusi. Akuandikie vipimo kwenye daftari lake bila kukusomea.